Dawa inatozwa ushuru kama starehe, kweli?

Jamani wenzangu wa California, hivi ni mimi tu? Shangazi anaumwa kansa, kemo inamtapisha mpaka maji ya kunywa, daktari akamwandikia barua atumie bangi ya matibabu, sawa. Nafika dukani nacheki risiti, ushuru wa jimbo asilimia 15, chini yake kodi ya mauzo, chini yake tena kodi ya mji, mji nao unaumwa?? Vidonge vya kichefuchefu alivyoandikiwa, famasi ya jirani tu hapo, havina hata senti ya kodi ya mauzo, ila hiki kichupa cha matone, ambacho bima haitaki hata kukisikia, kinakamuliwa kama ng'ombe wa urithi.

Nikaambiwa mchukulie kitambulisho cha mgonjwa kule kaunti atasamehewa. Haya, kitambulisho chenyewe kinalipiwa, kinaweza kufika dola 100, kila mwaka unarudia, halafu kinafuta kodi ya mauzo TU! Ile 15 iko palepale, imekaa kama mgeni aliyemaliza chai na haagi.

Shangazi kaishika risiti, kavaa miwani, kaniuliza, "Mwanangu, hapa tumenunua dawa au kiwanja?"