Njia nane na beseni la mchicha

Jana jioni pale Temboni nilimwona mama mmoja akijaribu kuvuka Barabara ya Morogoro. Beseni la mchicha kichwani, khanga kaikaza kiunoni, anatia mguu kwenye zebra, anaurudisha, anautia tena. Noah ikampigia honi. Kwenye zebra! Kutoka dirisha la daladala nikahesabu magari 17 kabla fuso moja halijamwonea huruma. Dereva wake naye akatukanwa na wa nyuma.

Konda wetu akacheka: "Mama naye, si asubiri?" Asubiri nini, kaka? Magari yaishe Dar es Salaam?

Najua mtanikumbusha foleni. Sijaisahau. Kabla ya hizi njia nane za Kimara hadi Kibaha ulikuwa unasinzia Suka, unaamka, bado uko Suka. Sasa panateleza. Haya, nimekubali. Na daraja la Ubungo ni zuri, tuendelee.

Ila tunaizungumzia barabara hii kama vile katikati ya Posta na Maili Moja hapaishi mtu. Shule iko upande huu, watoto wanalala upande ule. Duka la dawa kule, mgonjwa huku. Mwaka 2017 nyumba zilipigwa X nyekundu na kubomolewa kwa sababu ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande. Katika mita zote hizo, nafasi ya kumvusha mtu mwenye beseni haikutosha.

Na msiniambie habari za daraja la juu la waenda kwa miguu. Kwa nini mwenye magoti mabovu ndiye apande ngazi, halafu aliyekaa kwenye kiyoyozi apite moja kwa moja? Wekeni taa ya kubonyeza. Inawaka nyekundu, wenye injini wanasubiri sekunde thelathini, hakuna atakayekufa. Kibao cha mwendo wa 50 peke yake hakitusaidii. Tunakiheshimu pale tu trafiki anapokuwa kichakani na tochi yake ya kupima mwendo, na tunaonyana kwa taa kama wezi.

Yule mama alifika katikati. Akatua beseni kwenye kingo, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga, akageuza shingo kutazama njia nne zilizobaki. Konda akagonga bati, tukaondoka.