Mnatuonyesha kovu, kongosho je?

Wiki iliyopita binamu yangu kamuingiza dalali wa kupeleka wagonjwa India kwenye grupu letu la ukoo. Mnawajua hawa watu, wale profaili ina picha ya ndege. Hajasalimia hata, katuma picha mbili: tumbo moja lina kovu toka chembe ya moyo mpaka kitovuni, lingine laini lina vidoti vinne, vya upasuaji wa matundu. Chini kaandika "chaguo ni lako mama". Grupu zima makofi, na shangazi mwenyewe akajibu, "mi nataka hiyo ya vidoti".

Sasa tuelewane, shangazi haumwi. Alienda kupima mawe ya figo, skani ya CT ikasema figo nzima kabisa ila kwenye mkia wa kongosho kuna uvimbe wa maji, sentimita mbili na nusu. Basi toka siku hiyo nyumba imekuwa kama kuna matanga, watu wanakuja na maji ya kunywa katoni katoni sijui ndo dawa, na mjadala ni mmoja tu, atobolewe au apasuliwe. Huo uvimbe ni wa aina gani? Hakuna aliyeuliza. Dalali ndo kabisa, yeye na kovu, kovu na yeye.

Hebu niseme kitu kinachoniuma. Kovu ni mlango tu. Uingilie mlangoni uingilie dirishani, ndani kazi ni ileile, kukata kongosho, na kongosho siyo kitu cha kuchezea. Linatengeneza maji yanayomeng'enya nyama uliyokula. Ukilikata, pale ulipokata unashona, au unabana na mashine ya pini, na bado panaweza kuvuja, na yale maji yakivuja hayajui kwamba wewe siyo mshikaki. Hicho ndicho kinachowarudisha watu theatre, ndicho kinachomfanya mtu akae na mpira tumboni wiki na wiki. Sasa nani kakwambia tundu dogo kwenye ngozi linazuia hilo? Waholanzi walipima wakatoa majibu 2019, wagonjwa 108 wa upande huohuo wa mkia, nusu matundu nusu kufunguliwa. Wa matundu walipata nafuu ya kujitegemea siku ya 4, wenzao siku ya 6. Sawa, nakubali, siku mbili ni siku mbili, na damu walipoteza kidogo. Ila kuvuja kwenyewe kulikosumbua ilikuwa asilimia 39 kwa wa matundu na 23 kwa waliofunguliwa. Kitakwimu tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu na sitaki kuivuta kuliko ilivyo, lakini niambie mwenyewe, hapo kovu dogo limeokoa nini kwenye kuvuja?

Na huo ni mkia, ambao ndo sehemu rahisi, kama kwenye kongosho kuna kitu kinaitwa rahisi. Uvimbe ukiwa kichwani ndo balaa, maana unatoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo na mfuko wa nyongo, halafu unaanza kuunganisha upya, kongosho na utumbo, mrija wa nyongo na utumbo, tumbo na utumbo, kama fundi bomba kapewa nyumba nzima. Waholanzi haohao wakajaribu hiyo nayo kwa matundu, wagonjwa 99, na wapasuaji siyo wanafunzi, kila mmoja alishafanya upasuaji wa hivyo kwa matundu mara 20 au zaidi kabla hajaruhusiwa kushiriki. Walisimamisha utafiti kabla haujaisha. Ndani ya siku 90 wa matundu walikufa 5 kati ya 50 kwa matatizo ya upasuaji, wa kufunguliwa 1 kati ya 49. Hapo pia wenyewe walisema namba ni ndogo huwezi kuapa, lakini waliona wasiendelee. Sasa kama watu waliojipanga vile walisita, wewe wa picha ya ndege unatoa wapi huo ujasiri?

Ndo maana nikamuuliza palepale grupuni, bila adabu naomba radhi: huyo daktari wako kwa mwaka anafanya kongosho ngapi, na ngapi zinavuja? Akajibu hospitali ina vyumba vya kisasa na msindikizaji anapata kitanda bure. Nikarudia swali. Akatuma picha ya kitanda.

Wasije wakasema mi ni adui wa matundu. Mimi mwenyewe nilitolewa mfuko wa nyongo kwa matundu, kesho yake niko nyumbani nakunywa uji, raha tupu. Isipokuwa bega. Bega la kulia liliniuma siku mbili mpaka bibi akaanza kutaja majina ya majirani, kumbe ni ile gesi wanayokujazia tumboni ili waone, inabaki inachokoza chini ya mapafu halafu maumivu unayasikia begani. Hakuna aliyeniambia kabla. Kwa hiyo ndiyo, uvimbe wa mkiani, mpasuaji mzoefu, matundu poa kabisa. Na akianza na matundu akaamua kukufungua katikati, ujue katumia akili, hajashindwa.

Kitu kingine dalali hakugusa, bandama, ile inayosaidia mwili kupambana na vijidudu. Imelala hapohapo mkiani na mara nyingine inabidi iondoke na uvimbe. Wenzetu Ulaya bila bandama wanachomwa chanjo za nimonia na uti wa mgongo maisha yanaendelea, na sisi hizo chanjo tunazihitaji vilevile, ila shangazi anaishi Morogoro, na mbu wa Morogoro nawajua. Huku kwenye malaria bandama siyo pambo. Na kongosho likipunguzwa sukari nayo inaweza kukupanda, hilo nalo halikuwepo kwenye picha ya vidoti.

Tukampeleka kwa bingwa hapahapa, mzee mmoja mkimya anayeongea kama analipia maneno. Kaangalia skani muda mrefu. Akasema uvimbe mwingine una maji mepesi, huo haugeuki kansa ila kwa nadra sana, unaachwa. Mwingine una ute, huo ndo wa kuchunga. Mwingine ni mabaki ya kongosho kuvimba zamani, huo ukisumbua unaweza kutolewa maji kwa mpira unaopitia mdomoni, hakuna tundu wala kovu. Wa shangazi anahisi ni wa ute, lakini mdogo, hauna kinyama ndani, haumsumbui, na mwongozo wa Ulaya wa 2018 unaruhusu wa hivyo chini ya sentimita 4 ufuatiliwe kwanza. MRI sasa, kisha baada ya miezi sita.

Shangazi kauliza, "kwa hiyo vidoti sipati?"

Mzee kacheka, mara ya kwanza.

Dalali bado yumo grupuni, hakuna anayetaka kuwa wa kumtoa. Jana katuma ofa ya magoti.