Mlango wa ndani wa simu: tuchomeke vidude ama tuachane nao?

Wiki iliyopita nimeshinda mchana mzima hapa Kondele, Kisumu, na simu iko mgongo wazi, kava pembeni, jirani yangu wa kuuza viatu anapita kila nusu saa kuuliza hii simu ilikufa lini. Haijakufa. Ni PinePhone, binamu yangu alinibebea akitoka Ulaya, ile simu inayotumia mfumo wa Linux badala ya Android, na ukifungua kava kwa kucha tu unapata pini sita zimejipanga ndani: mbili za I2C, njia ya vichipu kuongea data, moja ya kuishtua simu, moja ya volti 5, moja ya betri na moja ya graundi. Yaani simu inakwambia wazi, mimi nakupa umeme na mdomo wa kuongea, wewe leta kidude chako.

Sasa swali ambalo tumebishana nalo na mafundi wenzangu ni hili, je, kuna maana ya kukaa kutengeneza vidude vya kuchomeka ndani ya simu za aina hii, ama ni kupoteza solda?

Wanaosema kuna maana wana hoja, tena nzito. Angalia kibodi ya PinePhone, inashika hizo pini sita, unaivisha simu kama kava, inakunja kama laptop ndogo na ndani yake kuna betri ya 6,000 mAh, wakati betri ya simu yenyewe ni karibu 3,000. Kuna pia kava ya LoRa ya kutuma ujumbe mfupi kwa redio mbali bila mtandao wa simu. Hiyo si toi. Na kuna jambo lingine ambalo mtu asiyekaa kwa kibanda cha fundi halioni haraka: kitu cha kwanza kuharibika kwa simu huku kwetu ni mdomo wa chaji. Mtu akianza kuning'iniza kidude pale chini kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha vidude vya USB na simu, siku nzima, akiwa kwa boda, akiwa sokoni, ule mdomo haumalizi mwaka. Mlango wa ndani unaacha mdomo wa chaji ufanye kazi yake na kidude kinakaa mgongoni kimetulia.

Upande wa pili nao wanacheka tu, wanakwambia angalia makaburi. Project Ara, ile simu ya kupanga vipande kama matofali, ilitangazwa 2013 na Google ikaizika Septemba 2016 kabla haijauzwa. LG G5 ilitoka 2016, unavuta kitako cha simu unaweka kipande cha kamera, mwaka uliofuata G6 ikaja bila hayo mambo na aliyenunua vipande akabaki navyo kwa droo. Motorola ndio walijaribu kushikilia, Moto Z ilianza 2016, vipande vyake vilikuwa vya kubandika mgongoni kwa nje, spika, projekta, kamera ya Hasselblad, hata walitoa seti ya wajenzi yenye bodi ya kupokea vile vibao vya kuongezea Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, mimi hiyo niliitamani sana. Lakini baada ya Z4 ya 2019 mlango ukafungwa. Fairphone 2 ya mwisho wa 2015 ilikuwa na mlango wa ndani wa USB 2.0 pamoja na umeme, na programu zake zilihudumiwa hadi Machi 2023, miaka saba na kitu, hiyo ni heshima, lakini hapa Kisumu ukizunguka Oginga Odinga Street utafute mtu anayo, utarudi na viatu vimeisha soli. Kidude cha kuingia kwa simu ambayo hakuna mtu anayo utamuuzia nani?

Mimi nilikuwa upande wa kwanza kabisa mpaka nikapata kazi ya kweli. Mama mmoja wa pale Dunga anasafirisha mbuta kwa boksi la barafu hadi Nakuru, akitaka kujua barafu inaisha saa ngapi njiani maana mteja analalamika samaki wamelainika na yeye anaapa aliwapakia wakiwa ngumu. Nikasema hii ni kazi ya PinePhone. Nikachukua sensa ya joto ya LM75, ya I2C, nikaisolda kwa kibao cha matundu na pini za springi, nikakata kava ya zamani nikaigundisha ndani. Pale mezani ilisoma safi kabisa, Linux ikaiona kwa anwani ya 48 bila kuuliza maswali. Furaha imejaa, nikanunua soda.

Halafu nikaikumbuka boksi. Simu haiwezi kukaa ndani ya barafu bana, lazima sensa iende kwa waya, nikavuta waya wa mita mbili hivi na I2C ikaanza kuota ndoto, mara sensa haionekani, mara digrii 127 ndani ya barafu. I2C ilitengenezwa kwa vichipu vya kukaa kwa bodi moja, waya ukirefuka unaubebesha mzigo wa umeme ambao hizo ishara haziwezi kusukuma. Nilijua hayo mambo kwa kusoma, lakini kujua kwa kusoma na kuona 127 ni vitu viwili.

Na hapo ndio nikaona sisi wote tunabishana mahali pasipo. Shida sio mlango uko ndani ama nje, shida ni kuweka akili yote ya kidude kwa mlango. Nikaanza upya: sensa ya DS18B20, ile ya kichwa cha chuma isiyoingiza maji, hiyo inavumilia mita kadhaa za waya ukiiwekea rezista ya kilo-omu 4.7, inaongea na Pro Mini ya volti 3.3, kibao kidogo cha Arduino chenye ubongo wake, na Pro Mini ndio inaongea na simu. Kwa PinePhone inaongea I2C kupitia pini za ndani, waya wa sentimita tatu tu. Ukitaka simu nyingine, unang'oa kichwa cha pini unaweka kiadapta cha USB na OTG, Android nyingi zenye OTG zinasoma kama serial, yaani data inayokuja biti moja moja kwa waya, ukiwa na app yake, hata hutafuti ruhusa za ajabu. Kazi ya kichwa kipya ni dakika kumi za solda, ubongo haubadiliki. Kampuni ikifunga mlango wake kesho mimi napoteza kichwa tu, sipotezi kidude.

Sisemi mlango wa ndani hauna kazi. Kwa kitu cha kubebwa kila siku na mtu mmoja, kibodi, betri, redio, nitauchagua mara mia kuliko waya unaoning'inia. Ila una gharama zake ambazo wanaousifu hawazitaji: zile pini za springi zinakusanya vumbi na jasho, unyevu wa ziwani ndio usiseme, mimi zangu nasugua na spiriti na mswaki kila baada ya siku chache. Na ukichukua umeme kwa pini ya betri ukasahau kukifundisha kidude kulala, asubuhi unaamka simu imezima, nimeamka hivyo mara mbili.

Mama wa Dunga nimempa ile ya OTG, anaitumia na simu yake ya kawaida, waya nimeufunga na raba kwa kava ili usivute mdomo wa chaji. Aliangalia, akageuza geuza, akaniuliza swali moja tu, ikiingia maji nani analipa. Tumekubaliana nusu kwa nusu.