Cristóvão da Gama na farasi waliochelewa

Mtoto wa Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, ana lawama moja isiyomtoka: angetulia kambini kwake Wofla akamsubiri Mfalme Gelawdewos wa Habeshi (Ethiopia ya leo), asingepoteza jeshi wala kichwa chake Agosti 1542.

Lawama ina msingi. Cristóvão aliingia Habeshi kuisaidia vitani, kupitia bandari ya Massawa, mwaka 1541 na Wareno 400 tu, na aliyekufa hakuwa na wa kushika nafasi yake. Imamu Ahmad ibn Ibrahim, kiongozi wa Waislamu wa Adal aliyekuwa akipigana na Habeshi, naye alikuwa ameshaletewa msaada na Waturuki wa Zabid, Yemen: wenye bunduki wapatao 900 na mizinga 10. Katika hali hiyo, mvua zikinyesha bado, kamanda anachomoa watu kama 100 kambini kwenda kupanda mlima wa Mayahudi wa Habeshi. Ukiisoma hivyo ni pupa ya ujana, na kweli alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Lakini mlimani alifuata farasi.

Aprili ile alikwisha kumshinda Imamu mara mbili kule Jarte, ndani ya siku 12. Mara ya kwanza risasi ilimpata Imamu mguuni, watu wake wakamwondoa uwanjani, akapona. Kwa nini hakufukuzwa akakamatwa? Bunduki ya utambi inamtaka mtu asimame: amimine baruti mtutuni, atie risasi, ashindilie, atie baruti laini kwenye kisahani cha pembeni, ndipo ashushe utambi unaowaka. Hayo hayafanyiki huku unakimbia, tena kwa miguu, nyuma ya mtu aliye juu ya farasi. Basi Wareno walivunja safu za adui, naye akajikusanya upya, na baruti iliyokwisha imekwisha.

Mlima aliuteka, akapata farasi wapatao 80. Njia ilikuwa mbovu mno. Akaacha watu 30 wawalete polepole, mwenyewe akawahi kambini. Vita vikaanza farasi wangali njiani.

Miguel de Castanhoso, askari aliyekuwepo, anaeleza Wareno walivyotoka bomani kwa makundi madogo na kumsukuma adui nyuma. Kwenda hakukuwa na shida sana. Waliangushwa wakati wa kurudi, migongo wazi, hakuna mpanda farasi wa kuwakinga. Kamanda mwenyewe alijeruhiwa, akakamatwa, akakatwa kichwa. Ukitaka kumhukumu, mhukumu kwa hesabu ya siku: aliondoka akiwa amechelewa. Alichokwenda kutafuta ndicho hasa alichokikosa.

Februari 1543, Wayna Daga, Wareno wapatao 120 waliosalia waliungana na Gelawdewos, aliyekuwa na wapanda farasi 500. Imamu alikuwa amewarudisha Waturuki wengi, akabaki na 200. Risasi ya Mreno ikamwua, na jeshi lake lilipotawanyika, safari hii walikuwepo wa kulifukuza.