Sijaoga gesi, nimeoga kulanti

Machalii, kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya kucheka naomba mnisikilize na mimi. Yule jamaa yangu wa shifti ameshasambaza voisi mpaka kwenye grupu la harusi ya binamu yangu, eti nilioga gesi. Mtu haogi gesi. Nilioga maji ya vepolaiza, ule mtambo wa kupasha gesi kazini, na wazo lilikuwa la kwake, ila hilo kwenye voisi yake halimo.

Mnaijua Arusha ya mwezi wa saba. Meru imejifunika mawingu wiki nzima, huku Njiro ikifika saa tisa usiku meno yanagongana yenyewe. Sasa kiwandani tunaoka biskuti, matanuri yanakula gesi, na gesi kwenye tenki la nje iko majimaji, mchanganyiko wa propani na butani. Propani haina neno, yenyewe inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri, ukiimwaga hata kule juu Kibo itachemka tu. Butani ndo mvivu mwenzangu, inachemkia karibu na sifuri, kwa hiyo ubaridi ukibana inatoka kwa kusuasua kama mimi kitandani. Ndo likawekwa vepolaiza: tangi la maji lita kama 200, moto wake nyuzi 70, bomba la gesi linapita humo ndani, gesi inaingia majimaji inatoka mvuke. Lita moja inazaa kama lita 250 za mvuke, ndo zinaenda kwenye tanuri.

Ila mimi katika maelezo yote hayo ya mafunzo nilishika kitu kimoja tu. Nyuzi 70.

Bafu la wafanyakazi hita yake imekufa tangu Pasaka. Jamaa akaninong'oneza, dogo, nyuma ya vepolaiza chini pale kuna koki ya kumwagia maji, maji ya moto ya bure kabisa, mimi huwa najichotea. Kumbe yeye anachota kikopo cha kunawa uso! Mimi nikaenda na ndoo ya lita 20.

Ndoo ya kwanza nikafua ovaroli. Msinicheke, kwetu maji yalikuwa yamekatika siku ya tatu. Ndoo ya pili nikachanganya na ya baridi, nikavua, nikabaki na buti maana pale ni kokoto, nikajipaka sabuni kuanzia utosini. Maji niliyaona yana ukijani na utelezi fulani hivi, nikajua ni sabuni yangu mpya imekubali.

Hapo ndo king'ora kikalia.

Yani nataka muione hii picha polepole kama nilivyoiona mimi. Niko uchi nyuma ya mtambo wa gesi, povu limefunika macho, napapasa taulo naikosa nashika bomba, bomba lina moto, naruka, naipata taulo, nakimbia chumba cha mitambo na buti zisizofungwa kamba. Zamu ya skrini ilikuwa yangu, ndo maana mbio zote zile. Skrini nyekundu imeandika L, maji asilimia 60. Kuna kitufe cha ACK, yani 'nimesikia'. Mimi siku zote najua ACK ni dawa, ukikibonyeza kelele inaisha, na kelele ikiisha tatizo limeisha. Kidole kina povu kinateleza, nabonyeza hakishiki, nafuta skrini na taulo, ile taulo niliyokuwa nimejifunga jamani, dada wa maabara ndo anapita dirishani na sampuli zake. Sitaki kuongelea.

ACK ikakubali. Kimya.

Sasa macho yanawasha kama pilipili. Nikafikiria vizuri kabisa, kwa akili zangu timamu: ngoja nikachote ndoo moja ya kujisuuza.

Nimemaliza tu kujimwagia, kelele ile ikarudi na ndugu zake. Nakimbia tena, skrini imeandika LL. Nikajua imeshikwa na kigugumizi. Kumbe L moja ni onyo kuwa maji yamepungua, mbili ni mtambo umejizima: hita imekatwa isije ikaungua ikiwa nje ya maji, na valvu ya gesi imejifunga ili gesi mbichi isipite kwenda kwenye moto. Nabonyeza ACK, inanyamaza, hakuna kinachowaka. Nabonyeza tena. Presha kwenye laini inashuka naiona kwa macho yangu, tanuri la kwanza likazima, la pili nalo, halafu king'ora kikubwa cha kiwanda kizima. Wote nje.

Shifti nzima tumesimama getini kwenye baridi tunahesabiwa. Wengine mashuka ya Kimasai, wengine makoti. Mimi taulo, buti na helmeti, maana sheria inasema helmeti. Taulo ilikuwa nyeupe nilivyotoka nayo nyumbani. Supavaiza akaimulika na tochi, ilikuwa kijani. Fundi mkuu akaisogelea akainusa, akasema hii ni kulanti, tunaweka kwenye maji ya vepolaiza kuzuia kutu.

Akatuita chumbani akafungua grafu ya usiku. Mstari wa maji umenyooka wee mpaka saa nane, halafu ngazi: 80, 70, 60, 50. Akahesabu na kidole mbele ya watu wote, moja, mbili, tatu. Akanigeukia kwa upole kabisa, "Kijana, hii ya tatu ulikuwa unajisuuza?"

Nikasema shikamoo.

Baada ya hapo maji yakajazwa na kulanti nyingine, kufika alfajiri moto ukarudi, biskuti zilizokwama tanurini zikaenda kwa nguruwe, mimi nikapewa barua, koki ikapigwa kufuli. Ngozi nzima kabisa, mama anauliza tu kwa nini taulo haitakati. Kazini naitwa El-El, mpaka mlinzi wa getini.

Na sabuni yangu iko ofisini kwa fundi, wameiweka kwenye mfuko wa nailoni kama ushahidi. Nilikuwa nimeitumia mara moja tu.