Basi Bekoni Kidogo Tu?

Yaani mtu mzima na ndevu zangu nimelipa yeni 1,100, nimetoka na njaa yangu, na bado watu watatu wamenisindikiza mlangoni wanainama wananishukuru. Wananishukuru kwa lipi?

Nagoya ya Agosti, huku Japani, mnaijua. Jua la huku halichomi, linachemsha. Unapanda ngazi kutoka kwenye treni ya chini pale Sakae, kabla hujafika juu miwani imeingia ukungu na shati limegandana na mgongo. Siku nyingine nakula yadini kwenye magari, Mpakistani wetu hafungui biriani lake bila kuniita. Leo nimeingia mjini kufuata makaratasi ya magari, na onigiri, yale matonge ya wali, za tuna na mayonezi zimenitoka puani. Nikasema leo nile kama binadamu, nikae kitini, niletewe.

Misokatsu, nguruwe wao wa kukaanga, siwezi, sababu mnaijua. Rameni nayo, tambi za supu, mchuzi ni mifupa ya yule yule. Ndipo nikakiona kimgahawa cha Kitaliano, bendera mlangoni, na kwenye kabati la kioo sahani za plastiki za kuonyesha vyakula: tambi zinang'aa, uma umesimama hewani peke yake kama umepandwa na jini. Nikajisemea, Waitaliano ni watu wa nyanya na jibini, watanidhuru nini?

Mlangoni kuna daftari, unajiandikisha jina na idadi ya watu, halafu unakaa kwenye foleni ya viti. Wa kwanza akiitwa, sote tunahamisha makalio kiti kimoja mbele. Zamu yangu ilipofika binti akapaza sauti: "Juma-sama, mtu mmoja!" Mtaa mzima ukajua Juma anakula peke yake. Nikainuka, nikaingia kwa mwendo wa balozi.

Maji ya barafu, bure. Kitaulo cha kufutia mikono. Hata begi limepewa kikapu chake lisiguse sakafu. Mpaka hapo nilikuwa bado balozi.

Menyu ya mchana: seti A, tambi za uyoga na bekoni. Seti B, tambi za kabonara, bekoni. Seti C, tambi za kechapu wanazoziita Napolitan, soseji. Hizo inasemekana zilianzia kwa mpishi wa hoteli moja ya Yokohama baada ya vita, Napoli penyewe hawana habari nazo. Na Nagoya hawakutosheka, wana na zao: tambi nene zilizokaangwa mafutani, juu mchuzi mzito wa pilipili manga, na juu yake tena soseji. Nikabonyeza kengele ya mezani.

Akaja kijana, kifuani beji kwamba yuko mafunzoni. Nikamwambia kwa Kijapani changu cha bandarini: "Samahani, sili nguruwe. Seti A inaweza kuja bila bekoni?"

Akatabasamu. Nisubiri kidogo. Akaenda.

Akarudi na jedwali la aleji, limetiwa plastiki, nukta tele. Ngano, mayai, maziwa, kamba, kaa, karanga, na nguruwe yumo.

"Mheshimiwa mteja, aleji yako ni kali kiasi gani?"

"Sina aleji. Ni dini."

Akateremsha kidole kwenye jedwali, anatafuta dini. Haimo. Akaenda.

Akarudi. "Bekoni tukiikata ndogo sana?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi ham?"

"Hiyo pia nguruwe."

"Soseji?"

"Mwanangu, hao wote ni ndugu, baba mmoja mama mmoja."

Akaenda. Akaja meneja, akapiga goti kando ya meza, akaniomba radhi. Nikasema hamna neno. Akaniomba radhi kwa kunifanya niseme hamna neno. Akaitwa mpishi, kofia nyeupe, jasho puani. Sasa wameinama wote watatu mbele yangu, nami sikulelewa kukaa nikiinamiwa na watu wazima, nikasimama nikainama. Wakainama zaidi. Nikainama zaidi. Meza za pembeni uma zimesimama. Tungefika sakafuni kama si bibi mmoja wa meza ya jirani aliyesema, bila kuinua macho kwenye sahani yake, "Si mumpe mboga tu?"

Mboga! Nyuso zikang'aa. Tambi za nyanya na biringani! Mpishi akaanza kuondoka, akasita, akageuka. Mtu mwaminifu yule, Mungu amlipe.

"Lakini sosi ina mvinyo mweupe. Mvinyo je?"

Nikamtazama. Kabla sijajibu, meneja amekwisha kukunja mikono alama ya X kifuani, ananijibia mwenyewe: hawezi, hawezi. Halafu akatupia jicho saa. Menyu ya mchana inafungwa saa nane.

Hapo ubalozi ukanitoka. Jamani, nina njaa! Nimeamka alfajiri kupanga magari juani, sikuja kuhojiwa! Nipikieni nyanya, mafuta, chumvi, mniache! Niliyasema kwa Kiswahili, wakaitikia wote kwa pamoja: "Hai!" Yaani ndiyo.

Zikaja. Na zilikuwa tamu, hapo ndipo palipouma. Kitunguu saumu kimekolea, biringani inayeyuka, ukizungusha uma mara nne umegonga sahani. Kuongezewa ni yeni mia mbili, lakini baada ya mkutano ule nani ana uso wa kuomba zaidi? Saladi ilikuwa majani na punje za mahindi. Kichupa cha pilipili kinatoa tone, kinatafakari, kinatoa jingine.

Kulipa nako, pesa humpi mtu mkononi, unaweka kwenye kisahani. Kadi ya pointi unayo? Sina. Ungependa kutengenezewa? Sipendi.

Niko barabarani, simu. Shemeji, Tanga.

"Shem, kula raha huko Ulaya."

Nimeacha kumsahihisha. Anataka gari, Toyota IST. Iliyotembea kidogo, tairi mpya, na rangi anataka ya maziwa, siyo nyeupe. Namwambia IST za bei yake zina umri, bandarini kuna ushuru, na ushuru wa uchakavu juu yake. Ananiambia, "Si uko hapo hapo zinapotoka, ongea nao vizuri." Niongee na nani? Na mnada? Mnadani unabonyeza kitufe, gari limekwenda kwa mwingine, hakuna shikamoo wala mzee punguza.

Nikamwambia sawa shem, tuma kwanza hela ya meli.

Simu ikakatika. Ajabu ya mtandao wa Tanga, neno meli haulipitishi.