Nimwambie Nikitazama Wapi?

Mamangu alimpikia bibi mmoja wa Kitaliano hapa Malindi kwa miaka 19. Miaka mitatu ya mwisho alimwogesha, alimkata kucha, alilala mkekani kando ya kitanda chake. Bibi alipofariki mwili ulipelekwa Mombasa kuteketezwa, kama alivyoagiza mwenyewe. Watoto wake wakaja kutoka kwao, wakakodi mashua, wakaenda kumwaga majivu baharini mbele ya mnara wa Vasco da Gama. Mashua ilikuwa ndogo. Mama akabaki mchangani ameshika viatu vyao. Nusu saa baadaye walirudi, naye akaenda kuwapikia chakula cha mchana.

Hivyo viatu vimenikaa kooni tangu Novemba.

Jumapili mbili baadaye nilimkuta pale pale ufuoni, leso mabegani. Mvua za bara zilikuwa zimeshateremsha udongo, na bahari yote imegeuka rangi ya Mto Sabaki. Nikamuuliza anangoja nani. Akasema, "Mwanangu, nilizoea kumpa habari za siku. Sasa nimwambie nikitazama wapi? Hata maji yenyewe si yale waliyommwagia."

Sina ugomvi na moto, nalisema mapema kabla wajomba zangu hawajanipigia simu. Najua wanavyochukia jambo hili, na sababu naielewa: katika Kilifi hii, ambako wazee wanasingiziwa uchawi wakauawa na nyumba zao kutiwa kiberiti, neno kuchomwa halimwingii mtu sikioni kwa upole. Lakini Wangari Maathai aliteketezwa Oktoba 2011, ndani ya jeneza la mwanzi, mafunjo na magugu maji kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, na hakuna aliyemhesabu kuwa ametupwa. Tena nakubali, ingawa shingo upande, kwamba viwanja vyetu vimekuwa vidogo mno na kwamba kusafirisha maiti na kulisha watu wiki nzima kumeacha familia nyingi na madeni. Anayetaka kuteketezwa ateketezwe. Ninalolikataa ni kumaliza mtu asibaki na mahali.

Majivu ya Wangari yana mahali. Yalizikwa Kabete, kwenye taasisi ya chuo kikuu yenye jina lake, na anayetaka kwenda anakwenda.

Nimeambiwa kwamba haya ya mahali ni ushamba, kwamba marehemu anakaa moyoni. Aliyeniambia hivyo angekuwa Malindi mwaka 2023 angenyamaza. Miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewahimiza wafunge hadi kufa ilifukuliwa kwenye msitu wa Shakahola ikaletwa mochari yetu, na watu wakaja kutoka kila pembe ya Kenya, wakatoa damu na mate ili walinganishwe na mifupa, wakangoja. Familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Wale wazazi mioyo walikuwa nayo. Walichongojea ni pa kumlaza mtoto.

Na sisi Wagiriama tunalijua jambo hili kuliko wengi. Kigango, ile nguzo ya mti iliyochongwa kumkumbuka mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, hakisimamishwi juu ya kaburi. Kinasimamishwa bomani, na mwili uko kwingine. Hata koma ya mtu wa kawaida, kile kijiti kifupi kisicho na nakshi, hakina mfupa chini yake. Ndipo panapomwagwa mnazi, ndipo jina linapotajwa, ndipo anapoambiwa kwamba mjukuu ameoa. Boma likihama, kigango hakihami. Wazee wetu walishatenganisha mwili na mahali pa kuzungumza na marehemu, kwa hivyo nikisema mtu anaweza kuteketezwa na bado akawa na mahali pake, sijaleta jambo geni nyumbani. Na tunajua machungu ya kupokonywa. Vigango viling'olewa usiku vikauzwa kwa watalii, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Makumbusho ya Denver yalirudisha 30, na vingine vimerudi baada ya hapo, lakini viking'oka vimeng'oka: ni boma gani hasa la kuvirudishia, mara nyingi hakuna ajuaye. Jirani zetu Waislamu wa mtaa wa Shela, wanaozika siku hiyo hiyo na wengi wao wasijenge chochote juu ya kaburi, waulize babu yao amelala wapi. Watakupeleka hadi penyewe.

Kuna mengi ya kufanya na majivu, na si yote yananipendeza. Kuyageuza kito cha pete sikutaki. Kwa Wakatoliki, Vatikani ilikataza mapambo hayo na kumwaga kwenyewe mwaka 2016. Marekani wapo wanaoyachanganya na saruji wakatengeneza miamba ya kushushwa baharini ili samaki wapate pa kukaa. Hilo ni zuri, ila hapa sehemu kubwa ya bahari yetu ni hifadhi tangu 1968, usishushe kitu bila kibali. Lililo karibu na uwezo wetu ni mti, na hapo sikilizeni, maana nimeona watu wakivunjika moyo. Majivu ya mtu mzima ni kama kilo mbili hadi tatu, yanazidi kidogo pakiti ya unga. Ni mifupa iliyosagwa, yana chumvi nyingi na ukali kama wa chokaa. Ukiyamwaga yote kwenye shimo moja ukapanda mche juu, mche utaungua mizizi, nawe utamlilia marehemu mara ya pili. Chukua kidogo, changanya na udongo mwingi na samadi iliyooza vizuri, umwagilie. Yaliyobaki yazike pembeni.

Na kabla ya kukodi mashua, ulizeni ni nani aliyekuwa akimlisha. Mpeni kiganja kimoja. Au mpeni nafasi mashuani, hata kama mwana mmoja itabidi abaki ameshika viatu.

Wale watoto sina chuki nao. Nadhani hawakujua. Mama naye hakusema neno, kwa sababu hakuna aliyemuuliza, naye amelelewa kutosema penye wenye maiti.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi wa saruji. Amemtengenezea kibamba cha futi mbili chini ya mkwaju nyuma ya nyumba yetu, jina la bibi likachorwa kwa msumari kabla saruji haijakauka. Majivu hayapo. Mama alifukia kijiko cha mbao alichokuwa akimlishia uji. Jumapili iliyopita nilimsikia kutoka jikoni, ameketi kwenye kigoda na kahawa yake, anamweleza kwamba changu wamepanda bei.